Kangaga la Mwambani: Umbo, Nasaba na Jina katika Uainishaji wa Mimea na Lugha

Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni jenasi moja ya makangaga madogo yaotayo ardhini na kwenye nyufa za miamba, ambayo kwa Kilatini cha kisayansi huitwa Actiniopteris. Si ajabu msikilizaji akauliza: taaluma ya Kiswahili na makangaga, wapi na wapi? Jibu ni kwamba wanabotania wamebishana juu ya nafasi ya mmea huu kwa zaidi ya miaka 200, na hoja walizozitumia ni zile zile zinazotumiwa na wanaisimu wanapogawa nomino katika ngeli na lugha katika makundi. Aidha, kazi ya kuupa mmea kama huu jina la Kiswahili inamlazimisha mtunga kamusi aamue jambo ambalo mara nyingi huachwa bila kuamuliwa: jina linaeleza nini? Je, ni umbo la kitu, matumizi yake, mahali kinapopatikana, au nasaba yake?

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kila uainishaji hujibu swali moja maalumu, na kwamba makosa mengi huzuka pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la swali jingine. Mifano itatolewa hasa katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa, kwa kuwa huko mimea na lugha vimepangwa katika ramani za kitaalamu kwa namna zinazofanana sana.

Mmea wenyewe

Kangaga ni mmea usiotoa maua wala mbegu. Huzaana kwa spora, ambazo ni chembe ndogo mfano wa vumbi zinazotunzwa ndani ya vifuko upande wa chini wa jani. Jani changa la makangaga mengi huchomoza likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga. Wakazi wa pwani wanalifahamu kangaga kubwa la mikokoni, Acrostichum aureum, ambalo huweza kumpita mtu kwa kimo. Wakazi wa Rungwe na wa safu za Udzungwa wanayafahamu makangaga ya misitu yenye ukungu, yakiwamo yale yenye shina refu kama mti.

Actiniopteris haifanani na hayo yote. Kimo chake kwa kawaida hakizidi shibiri moja na ushei. Jani lake limetandaa kama pepeo: linagawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena mara mbili, mpaka linakuwa fungu la vipande vyembamba vinavyotoka mahali pamoja. Mtu anayeujua mvumo au mkoche akiliona kangaga hili kwa mara ya kwanza, atadhani ameona mche wa mnazi-pori ulioviazwa. Vifuko vya spora hukaa katika mistari kandokando ya vipande hivyo, na ukingo wa jani hujikunja ukavifunika.

Makao yake ni nyufa za miamba na udongo mwembamba wenye mawe, katika nchi zenye kiangazi kirefu. Jenasi nzima ina spishi 5 hivi, nazo zimeenea barani Afrika, Madagaska, katika visiwa vya Mascarene, Arabuni hadi Bara Hindi. Huko India spishi iitwayo Actiniopteris radiata inajulikana katika tiba ya jadi kwa jina lenye maana ya kishungi cha tausi. Nchi ya Iringa, pamoja na miamba yake mikubwa kama ule wa Gangilonga mjini Iringa, ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kukoma kiasi cha mwezi Aprili au Mei. Katika nchi ya namna hiyo mmea mdogo hauna budi kujua kungoja. Wakati wa ukame majani ya Actiniopteris hukauka, hujikunja na kugeuka rangi, mtu akadhani umekufa; mvua ikinyesha, majani yale yale hukunjuka na kuendelea na kazi. Mimea mingi hufa ikipoteza maji kwa kiasi hicho.

Safari ya jina

Historia ya kuliainisha kangaga hili inaweza kugawanywa katika hatua tano, na kila hatua ilikuwa na swali lake.

Hatua ya kwanza ni ya mwaka 1782. Carl Linnaeus mdogo, mwana wa yule Linnaeus mashuhuri, aliliweka kangaga la visiwa vya Mascarene katika jenasi ya Acrostichum. Wakati huo jenasi hiyo ilikuwa kama kapu la makangaga yote ambayo vifuko vyake vya spora vimeenea upande wa chini wa jani. Swali lilikuwa: vifuko vimekaa vipi? Hatua ya pili ni ya Olof Swartz wa Sweden, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliiweka spishi ya radiata katika jenasi ya Asplenium, ambayo vifuko vyake hupangika katika mistari. Swali lilibaki lile lile, bali jibu lilibadilika kwa sababu mstari ulionekana vizuri zaidi.

Hatua ya tatu ni ya Johann Heinrich Friedrich Link, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin. Mwaka 1841 aliitenga jenasi hii na kuipa jina la Actiniopteris, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwali na kangaga. Hapa umbo la jani zima ndilo lililopewa uzito. Hatua ya nne ni ya Mwitalia Rodolfo Pichi Sermolli, ambaye mwaka 1962 aliandika uchambuzi mpana wa jenasi hii. Alizitambua spishi mpya, zikiwamo Actiniopteris semiflabellata na Actiniopteris dimorpha za Afrika, na akaona kwamba umbo lake ni la pekee kiasi cha kustahili familia yake yenyewe. Hivyo jenasi moja ikawa familia nzima.

Hatua ya tano ilikuja na uchunguzi wa vinasaba. Katika uainishaji wa makangaga uliochapishwa mwaka 2006 na Alan Smith na wenzake, Actiniopteris iliwekwa ndani ya familia pana ya Pteridaceae. Mwaka 2007 Eric Schuettpelz na wenzake walilinganisha jeni za kloroplasti za jenasi nyingi za familia hiyo, wakaonesha kwamba jamaa wa karibu kabisa wa Actiniopteris ni Onychium, ambayo spishi zake nyingi zinaishi Asia. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wataalamu zaidi ya 90 lilitoa mpangilio mpya wa makangaga yote, na nafasi hiyo ikathibitishwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jani la Onychium halifanani hata kidogo na pepeo. Limechanikachanika vipande vidogo vingi mfano wa jani la karoti. Macho peke yake yasingewaweka wawili hawa katika nyumba moja. La kustaajabisha zaidi ni kwamba lile kangaga kubwa la mikokoni, Acrostichum, nalo limo katika familia hiyo hiyo ya Pteridaceae, ingawa katika tawi jingine. Linnaeus mdogo alikosea jenasi, lakini hakutoka nje ya familia. Swartz aliupeleka mmea mbali zaidi na jamaa zake, kwa kuwa Asplenium iko katika familia tofauti kabisa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Swartz au Link hawakuona vizuri. Mistari ya vifuko ipo, na umbo la pepeo lipo. Waliloliona lilikuwa la kweli. Lililokosekana ni uhakika kwamba kufanana kwa umbo kunaweza kuwa ushahidi wa nasaba, na kunaweza pia kuwa matokeo ya mazingira au sadfa tu.

Kifaru, kijana na ngeli

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuupata mfano wa jambo hili. Neno kifaru lina umbo la KI-, na wingi wake ni vifaru. Akitazama kiambishi pekee, mtu ataliweka pamoja na kiti na kisu. Lakini msemaji wa Kiswahili akimtaja mnyama husema, “Kifaru mkubwa amepita hapa,” wala hasemi “Kifaru kikubwa kimepita,” isipokuwa awe anazungumzia gari la vita. Kijana, kipofu na kiongozi hufuata mkondo huo huo. Ndiyo maana wanasarufi wamegawanyika: wako wanaozipanga ngeli kwa kigezo cha kimofolojia, yaani kwa viambishi vya nomino, na wako wanaozipanga kwa upatanisho wa kisarufi, yaani kwa namna nomino inavyotawala maneno mengine katika sentensi.

Hakuna upande ambao hauna faida. Viambishi ni muhimu kwa anayelinganisha Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu, na upatanisho ni muhimu kwa anayefundisha kusema. Tatizo huanza pale kitabu kimoja kinapochanganya vigezo vyote viwili bila kumweleza msomaji. Inafaa kukumbuka pia kwamba neno ngeli lenyewe limepewa kazi mbili. Katika sarufi ni kundi la nomino. Katika istilahi za biolojia ni ngazi iliyo kati ya faila na oda. Mwanafunzi hukutana nalo katika vipindi viwili vya siku moja kwa maana mbili.

Viazi vya Mbeya na Iringa

Mfano wa pili unatoka shambani. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya viazi mviringo. Humo pia hulimwa viazi vitamu, na mahali pengine Tanzania hulimwa viazi vikuu. Kwa Kiswahili vyote vitatu ni viazi. Kwa botania, kiazi mviringo kimo katika jenasi ya Solanum, pamoja na nyanya, biringanya na mnafu unaochumwa kuwa mboga. Kiazi kitamu ni wa familia nyingine, na kiazi kikuu ni wa familia ya tatu. Mkulima wa Iringa anayepanda nyanya karibu na viazi mviringo amewaweka ndugu pamoja, wala lugha haikumwambia. Hata hivyo, ugonjwa wa mnyauko unaojua kushambulia mazao yote mawili unaujua udugu huo.

Je, Kiswahili kimekosea? La hasha. Neno kiazi linajibu swali la matumizi: kitu kinachochimbwa ardhini kikaliwa kwa wanga wake. Mpishi na mfanyabiashara wa sokoni wanalihitaji swali hilo. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea analihitaji swali la nasaba. Lugha iliyokomaa huyabeba maswali yote mawili, mradi kamusi iseme wazi ni lipi linalojibiwa. Kamusi inayoishia kusema “aina ya mmea” haijajibu hata moja.

T7, G62 na M25

Sasa uangaliwe uainishaji wa mahali. Flora of Tropical East Africa, kitabu kilichotolewa kwa sehemu kati ya mwaka 1952 na 2012 na kueleza zaidi ya spishi 12,000, kimeigawa Tanzania Bara katika maeneo manane, T1 hadi T8. Nyanda za Juu Kusini ni T7. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, lakini herufi za wanabotania hazikubadilika. Mtu akisoma kwamba mmea fulani umepatikana T7, ameelezwa ulikookotwa tu. Hakuelezwa lolote juu ya jamaa zake.

Wanaisimu nao wanazo herufi zao. Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu katika kanda, kila kanda kwa herufi na kila lugha kwa namba. Kisangu ni G61, Kihehe G62, Kibena G63 na Kikinga G65. Upande wa Mbeya, Kisafwa ni M25 na Kinyakyusa ni M31. Namba hizi ni hazina kwa mtafiti, kwa kuwa humwezesha kuitambua lugha hata jina lake likiandikwa kwa namna tatu. Lakini kanda za Guthrie ziliongozwa kwa kiasi kikubwa na jiografia, na hazikukusudiwa kuwa mti wa nasaba.

Ushahidi ulio dhahiri ni wa Kiswahili chenyewe. Kimewekwa katika kanda ya G, herufi moja na Kihehe, ilhali Kigiriama na Kipokomo vimewekwa katika kanda ya E. Mwanafunzi anayezisoma herufi kama nasaba atahitimisha kwamba Kihehe ni jamaa wa karibu wa Kiswahili kuliko Kigiriama. Isimu historia inasema kinyume. Uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliochapishwa mwaka 1993, uliviweka Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro katika kundi moja la Sabaki, kwa kufuata mabadiliko ya sauti na ya maumbo ambayo lugha hizo zimerithi kwa pamoja. Kipokomo kwa Kiswahili ni kama Onychium kwa Actiniopteris: jamaa aliyetengwa na mpangilio wa zamani, akarudishwa na ushahidi wa urithi.

Jina la Kiswahili

Ikiwa hayo yanakubalika, jenasi ya Actiniopteris iitweje kwa Kiswahili? Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutohoa: aktiniopterisi. Njia hii inalinda uhusiano na maandishi ya kimataifa, lakini haimpi mwanafunzi picha yoyote. Ya pili ni kutafsiri maana ya Kigiriki: kangaga-mwali. Inapendeza, ila mwali kwa Kiswahili ni pia msichana aliyewekwa unyagoni, na jina litaleta maana isiyokusudiwa. Ya tatu ni kuchukua picha iliyomo katika lugha: kangaga-mvumo.

Njia ya tatu ina sifa inayostahili kuzingatiwa na watunga istilahi. Katika majina ambatani ya Kiswahili, nomino ya kwanza ndiyo hubeba jamii ya kitu na ya pili hukipambanua. Pundamilia ni punda, si milia. Hivyo kangaga-mvumo ni kangaga lenye sura ya mvumo: nasaba imetangulia, umbo limefuata. Mtu angeliita mvumo-mwamba, angekuwa amerudia kosa la macho. Lakini mfano wa viazi unaonya kwamba nomino ya kwanza si dhamana ya nasaba kila mara. Pia yako majina ambayo ni picha tupu, kama kiti cha pweza, ambacho si kiti wala si pweza. Kwa hiyo mtunga istilahi hapaswi kutegemea muundo wa neno pekee. Ni lazima fasili iseme.

Kazi hii haianzii patupu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ngazi za uainishaji kama familia, jenasi na spishi zimekwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kiswahili. Kilichobaki ni kuzijaza ngazi hizo kwa mimea ya nchi yenyewe.

Lebo na lugha za wenyeji

Mwaka 1899 Mjerumani Walter Goetze alikusanya mimea katika nchi ya Uhehe na Ukinga, akafariki mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyohifadhiwa Berlin, mji ule ule alikofanyia kazi Link, iliteketea kwa moto wa vita mwezi Machi 1943. Kiwango cha mmea kikiungua, botania inaweza kurudi mwambani na kuchuma mwingine, kwa kuwa mmea huenda ungali unaota palepale. Jina la mmea huo katika Kisafwa au Kikinga halioti tena likiisha kusahauliwa.

Kwa mintarafu hiyo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, fasili ya kila mmea katika kamusi ya Kiswahili itaje familia yake na, inapowezekana, jina lake la Kilatini, kisha ndipo umbo na matumizi. Maneno “aina ya mmea” yasitosheleze. Pili, wanafunzi wa isimu wanaokusanya msamiati wa lugha za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe waambatane na wanabotania, ili kila jina liandikwe pamoja na kielelezo cha mmea uliooneshwa na msemaji. Jina lisilo na kielelezo huishia kufasiriwa kwa kubahatisha, na kielelezo kisicho na jina huishia kuwa namba. Tatu, majina hayo yanapolinganishwa, pasiharakishwe kudai kwamba neno la Kihehe na neno la Kisangu ni moja kwa kuwa sauti zake zimekaribiana, wala kwamba ni mawili kwa kuwa zimetofautiana. Ushahidi utafutwe katika mabadiliko ya sauti yanayojirudia katika maneno mengi, kama vile nafasi ya kangaga la mwambani ilivyotafutwa katika jeni kadhaa badala ya sura ya jani.

Kazi ya namna hiyo ni ya polepole na inahitaji watu wawili wawili: mmoja anayejua kuuliza wazee kwa lugha yao, na mmoja anayejua kuugeuza upande wa chini wa jani na kutazama vifuko vimepangwaje. Vyuo vikuu vinao wote wawili, ingawa wanakaa katika majengo tofauti. Msimu wa mvua ukianza Nyanda za Juu Kusini, makangaga hukunjuka kwa miezi michache tu, na huo ndio wakati wa kwenda.